Vichwa vya Wazima na Mfuko wa Shirika



Mama mmoja wa kwaya yetu hapa Kolwezi alianguka sokoni siku ya Jumamosi, kapu la mboga mkononi, akafa kabla ya jua kutua. Umri wake ulikuwa miaka 42. Kabla ya kuanguka alishika kisogo kwa mikono miwili, akalia kwamba kichwa kimempasuka. Baada ya hapo hakusema neno la kueleweka. Daktari aliyempokea alimtoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano, akayaona yamejaa damu, akatuambia kwamba yumkini mshipa wa ndani ya kichwa umepasuka mahali palipokuwa na kivimbe tangu miaka mingi, bila mwenyewe kujua. Kivimbe hicho ndicho madaktari wanachokiita anevrisma.

Matangani yakazuka maneno ya namna mbili. Ya kwanza yalikuwa ya bulozi: nani amemloga, nani aliionea wivu meza yake ya sokoni. Hayo siyajibu hapa, maana nimekwisha kuyajibu mara nyingi, na wenye kuyasema wananijua. Ya pili yaliletwa na bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa, ambaye kazi yake ni kuwapeleka watu kupimwa katika hospitali za ng'ambo ya mpaka. Huyu alisema: "Kama mama huyu angalipigwa picha ya kichwa mwaka jana, leo angekuwa anawasongeeni bukari." Watu wakalia upya. Na kabla ya mwezi kwisha, wakubwa wa shirika letu wakaniletea shauri lao: mfuko wa shirika, uliokusanywa faranga kwa faranga kwa ajili ya wagonjwa na mazishi, ufunguliwe, ili watu wasio na ugonjwa wowote wapelekwe kwa zamu kupigwa picha za kichwa, tukianza na wale wenye kuchanga zaidi.

Mimi nalikataa shauri hilo. Wako walioniuliza, "Mwalimu, wewe ni mtu wa katekisimu, mambo ya ubongo yanakuhusu nini?" Yananihusu kwa kuwa mfuko ni wetu sote, na kwa kuwa mimi ndimi ninayeamshwa usiku wakati mgonjwa asiye na fedha ya dawa anapoanza kukata roho. Tena hesabu si siri ya madaktari. Mtu aliyefundishwa kujumlisha na kugawanya anaweza kuifuata.

Kwanza tujue kitu chenyewe. Wenye baiskeli wataelewa upesi. Mpira wa nje ukichakaa mahali pamoja, mpira wa ndani hutokeza hapo kinundu kama jipu. Siku moja, mwenye baiskeli akiwa amepakia magunia ya makaa kutoka porini, kinundu hupasuka njiani. Lakini ni baiskeli ngapi hapa Kolwezi zilizotembea na kinundu miaka na miaka, zikauzwa, zikaliwa na kutu, na kinundu hakikupasuka kamwe? Ndivyo ilivyo anevrisma. Wataalamu waliokusanya hesabu za nchi nyingi wameona kwamba katika watu wazima 100, kama 3 wanacho kivimbe hicho. Lakini wale wanaopatwa na damu ya namna hiyo kichwani kwa mwaka mmoja ni kama 8 tu katika watu 100,000.

Basi tuchukue parokia yenye watu wazima 1,000. Wenye kivimbe watakuwa kama 30. Watakaopasukiwa katika muda wa miaka kumi, kwa hesabu hiyo, hawatimizi hata mmoja kamili. Sisemi kwamba huyo mmoja ni kitu kidogo: katika wanaopasukiwa, theluthi moja au zaidi hufa, na wengi wa wanaopona hubaki na ulemavu au na akili iliyochoka. Nimezika mmoja wao, najua. Nasema tu kwamba yuko mmoja, na wengine ishirini na tisa wamesimama pamoja naye katika safu ile ile.

"Basi tumtafute huyo mmoja!" wanasema. Hapo ndipo bwana wa viatu anapotunyamazia jambo lililo kubwa kuliko yote. Picha haituonyeshi huyo mmoja. Inatuonyesha wote 30. Inasema, "Hiki hapa kivimbe, upana wake milimita kadhaa," basi. Daktari hutazama ukubwa wake, mahali kilipo, umri wa mtu, tansio yake na sigara zake, kisha hukadiria. Lakini hakuna mashine itakayomwambia siku.

Katika nchi ya Japani, tangu mwaka 1988, watu wazima wa afya wamezoea kulipa fedha zao ili wapigwe picha za ubongo. Huko hawakosi mashine wala wapasuaji. Mwaka 2012 madaktari wao walitangaza habari za watu 5,720 waliofuatiliwa na vivimbe vyao: kwa mwaka, chini ya kivimbe kimoja katika 100 kilipasuka, na vile vya milimita 3 hadi 4, kama 4 tu katika 1,000. Tena yasemekana kwamba katika watu wa Japani vivimbe hivi hupasuka kuliko kwa mataifa mengine mengi. Hesabu kama hizo ndizo walizopata walioongeza picha kwa wingi kuliko wote duniani.

Na ukishajua unacho, utafanya nini? Njia ni mbili. Ya kwanza ni kufungua fuvu na kukibana kivimbe kwa kibanio kidogo cha chuma. Ya pili ni kupitisha mpira mwembamba katika mshipa wa paja, kuupandisha mpaka kichwani, na kukijaza kivimbe nyuzi za platini ili damu isiingie. Zote mbili ni kazi za mikono hodari sana. Hata hivyo, mwaka 2019 waliojumlisha habari za hospitali nyingi waliona kwamba kwa njia ya nyuzi watu kama 5 katika 100 walipatwa na madhara, na kwa njia ya kufungua fuvu kama 8 katika 100. Rudini sasa kwa wale 30 wetu. Tukiwatibu wote, tutamdhuru mmoja au wawili, labda watatu, siku ile ile ya matibabu, ili kumwokoa mmoja ambaye labda angepasukiwa katika miaka kumi, labda katika ishirini. Na hao tutakaowadhuru walikuja kwa miguu yao, wakiwa na nguvu, hawana hata maumivu ya kichwa!

Wako watakaosema kwamba nafananisha miaka kumi na maisha mazima. Vema, tuchukue maisha mazima. Mwaka 1999 madaktari wa Uholanzi waliandika habari ya jambo linalotuhusu hasa, maana waliwapima wazazi, ndugu na watoto wa watu waliokwisha kupasukiwa, kama vile ndugu za mama yetu wa kwaya. Walipima watu 626. Walimkuta na kivimbe mmoja katika kila 25, jumla 25. Waliopasuliwa walikuwa 18, na miezi sita baadaye 11 kati yao walikuwa wamepungukiwa nguvu au akili kuliko zamani, ingawa wengi wao kwa kiasi kidogo. Madaktari wakahesabu faida ya maisha mazima: kila aliyepasuliwa aliongezewa kwa makadirio miaka miwili na nusu, lakini alilipa kwa miaka 19 ya kuishi na upungufu. Wakigawanya faida hiyo kwa watu wote waliopimwa, haikufika mwezi mmoja kwa kila mtu. Ilitakiwa kupima ndugu 149 ili kuzuia kupasuka kumoja. Upasuaji umeendelea tangu siku hizo, sikatai, na njia ya nyuzi imepunguza madhara. Lakini Waholanzi hao walikuwa na kila kitu, na wao wenyewe hawakushauri kuwapima watu wenye ndugu mmoja tu aliyepatwa.

Sasa nitaje jambo lililotokea kwetu. Mdogo wa marehemu, mwenye miaka 39, dereva wa lori la madini, hakungoja uamuzi wa shirika. Aliuza kiwanja chake, akafuatana na yule bwana mpaka hospitali moja ng'ambo ya mpaka, akalala katika ile mashine ya sumaku, akarudi na bahasha. Ndani yake: kivimbe cha milimita 3. Wakamwambia arudi kila mwaka kupigwa picha nyingine. Hakuna aliyemweleza kwamba katika watu 1,000 wenye kivimbe kama chake, 990 na zaidi watauona mwaka mwingine bila neno. Tangu siku hiyo ameacha lori, maana anaogopa kupasukiwa akiwa usukani. Hainui ndoo ya maji. Akipiga chafya, mke wake hukimbia kutoka jikoni kumtazama. Watoto wake wawili wa sekondari wamerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Nilipomtembelea aliniambia, "Mwalimu, yaya alikufa siku moja. Mimi nakufa kila siku." Sikuwa na jibu. Na kiwanja hakirudi.

Sipendi kuonekana mtu wa kukataa kila kitu. Wako watu wanaopaswa kupigwa picha, na nawataja ili wasidanganyike na maneno yangu. Kama katika nyumba yako wawili au zaidi walio karibu nawe kabisa, yaani baba, mama, ndugu wa tumbo moja au mtoto, wamepatwa na damu ya kichwani ya namna hii, basi hatari yako si ile ya watu wote. Huko Utrecht waliwafuatilia watu 458 wa jamaa za namna hiyo. Katika picha ya kwanza, 11 katika kila 100 walikuwa na kivimbe. Vilevile wenye ugonjwa wa kurithi wa figo zilizojaa malengelenge ya maji: katika hao, kama mmoja katika kumi anacho. Madaktari wa Marekani katika mashauri yao ya mwaka 2015 wanawataja watu wa namna hizo mbili, hawataji parokia nzima. Lakini hata hao nawaomba wajiulize kabla ya kupanda basi: kikionekana, nitatibiwa wapi, na nani, kwa fedha gani? Wapasuaji wa ubongo katika nchi yetu kubwa hii ni wachache sana. Na picha moja haitoshi. Kule Utrecht, waliopigwa picha ya pili baada ya miaka kadhaa, ingawa ya kwanza ilikuwa safi, 8 katika 100 walikutwa na kivimbe kipya. Ukianza, umeanza safari yenye vituo vingi.

Neno linaloniuma zaidi ni hili: "Mwalimu, Wazungu wanapimwa, sisi weusi unatuambia tukae kimya." Ndugu yangu, hao Wazungu unaowasema hawapimi kila kichwa. Anayekwambia hivyo anauza tikiti. Si kweli pia kwamba mimi nachukia kupima watu wazima wa afya. Sisi Wakongo tunajua kupimwa kuliko mataifa mengi! Ulizeni wazee juu ya ugonjwa wa malale. Katika siku za Wabelgiji kijiji kizima kilipangwa mstari, mganga akapapasa shingo za watu kutafuta tezi, kisha sindano ya mgongo. Lilikuwa jambo la ukali, watu walikimbilia porini. Lakini baada ya uhuru kazi hiyo ilipolegea, ugonjwa ulirudi, hata mwaka 1998 walihesabiwa wagonjwa zaidi ya 26,000 katika nchi yetu peke yake. Vikundi vya kutembea vikarudi vijijini kupima, na dawa zikawa bora; mwaka 2018 wagonjwa wa dunia nzima hawakutimia 1,000. Siku hizi iko dawa ya vidonge, fexinidazole, ambayo mgonjwa huimeza siku kumi.

Kwa nini kupima huko kulifaa? Kwa sababu asiyetibiwa malale alikuwa akifa karibu kwa hakika, na aliyekutwa nayo alipewa dawa pale pale, na kila aliyetibiwa aliwaondolea hatari majirani zake. Mwaka 1968 mabwana wawili, Wilson na Jungner, waliliandikia Shirika la Afya la Dunia kanuni za jambo hili, na maneno yao bado yanafuatwa: usiwatafute wagonjwa wasiojijua ila kama unaujua mwendo wa ugonjwa, unayo matibabu yanayokubalika, mahali pa kuyatoa papo, na gharama yake inalingana na mahitaji mengine ya watu. Pimeni shauri la wakubwa wetu kwa kanuni hizo, neno kwa neno. Na kwa upande wa pili, msisahau mji wa Yokadouma katika Kameruni. Mwaka 1954 watu wazima wa afya walidungwa sindano ya Lomidine ili wasishikwe na malale. Mamia waliozewa nyama, na wasiopungua 28 wakafa. Mgonjwa anaweza kukubali dawa ya hatari, maana tayari yu hatarini. Aliye mzima ana haki ya kutuuliza mara mbili.

Sasa mfuko. Nasema ununue vyombo vya kupimia tansio, vile vya kufunga mkono. Kila shirika dogo la parokia lipate kimoja, na wauguzi wetu waliostaafu wafundishe watu wawili wawili kukitumia. Tansio nayo ni adui wa kimya, lakini kimya chake kinavunjwa kwa dakika chache, bila sumaku wala pasipoti. Mtu akae kwenye kiti dakika tano, asiwe ametoka kuvuta sigara, mkono ulale juu ya meza. Ikionekana 140 juu au 90 chini, arudi siku nyingine, na nyingine, maana kipimo kimoja hakimfungi mtu. Shirika la Afya la Dunia lilisema mwaka 2021 kwamba karibu nusu ya wenye tansio duniani hawajui kama wanayo. Dawa zake, kama amlodipine na hydrochlorothiazide, ni za zamani na hazina bei ya kutisha. Kuishusha tansio kwa vipimo 10 tu vya juu kunapunguza viharusi kwa zaidi ya robo. Na hao wenye vivimbe vilivyojificha, ambao hatutawajua kamwe, nao watapata faida, maana tansio na sigara ndizo zinazosukuma kivimbe kikue na kupasuka.

Najua mtakayonijibu: kidonge kimoja kila siku mpaka kufa, nani atalipa? Hapo ndipo mfuko unapokuwa na kazi. Fedha za kumpeleka mmoja ng'ambo na kumrudisha zinaweza kumnunulia mjane dawa za miaka. Kazi yenyewe si tamu. Haina bahasha wala picha ya kuonyesha jirani. Inataka kumfuata mtu nyumbani anapoacha vidonge kwa sababu "amepona". Inataka kusema na wake zetu juu ya makayabu yasiyolowekwa vya kutosha, na na sisi waume juu ya lutuku na sigara; wakubwa wa shirika wanajua ninamsema nani.

Fedha nyingine ya mfuko iwekwe kando kwa ajili ya motokaa ya usiku. Maumivu ya kichwa yanayokuja ghafula kama nyundo, makali kuliko yote mtu aliyopata kuyajua, pamoja na kutapika, shingo kukakamaa au kuzimia, hayangoji asubuhi, wala hayangoji maombi ya jirani mwenye mafuta ya kupaka. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali saa ile ile. Mama yetu alilazwa kwanza chini ya meza ya sokoni karibu saa mbili, watu wakimpepea, kwa kuwa hapakuwa na mwenye fedha ya teksi. Sijui kama angepona. Najua kwamba saa mbili hizo zilikuwa mikononi mwetu, na picha ya mwaka jana haikuwa.

Mkutano wa shirika ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya Misa ya pili. Nitaleta shauri hili kwa maandishi, na bwana wa viatu akitaka, na aje naye na hesabu zake.

Wiki iliyopita nilimshika mkono yule dereva, tukaenda kwa miguu, polepole kama alivyotaka, mpaka dispensari ya mtaani. Muuguzi alimfunga chombo mkononi. Safari yote ile, kiwanja chote kile, hakuna aliyekuwa amemwambia lolote juu ya tansio yake. Ilikuwa 170 kwa 105. Akapimwa tena Jumatano, tena Ijumaa, ikawa vile vile. Ameanza vidonge, na pakiti ya sigara aliiacha juu ya meza ya muuguzi.